Kamani, Gumegume na Fataki: Mapenzi ya Saa na Silaha za Kale

Bastola iliyoundwa kwa agizo la mtu mmoja, bunduki ya karne zilizopita na saa ya mkono isiyo na betri ni vitu ambavyo mara nyingi hukaa katika nyumba moja. Mwenye kuhifadhi rivolva ya 1873 ndani ya kabati la kioo aghalabu huvaa saa ya kutiwa ufunguo, na anayekesha akisoma habari za saa za zamani haoni tabu kuhamia kwenye habari za bunduki. Mapenzi haya yana chimbuko moja. Kwa karne kadhaa saa na bunduki zilitegemea ufundi uleule: kamani ya chuma cha pua, meno yanayoshikana, kizuizi kinachofungia nguvu mpaka wakati wake, na tupa mkononi mwa fundi mwenye subira.

Mwanzoni mwa karne ya 16, mji wa Nuremberg, kusini mwa Ujerumani, ulisifika kwa kazi za chuma. Peter Henlein, fundi wa kufuli aliyepata daraja la fundi mkuu mwaka 1509, anakumbukwa kwa saa ndogo za kubebeka zilizoendeshwa na kamani badala ya uzito unaoning'inia. Katika zama hizohizo, katika miji ya Wajerumani, ilienea bunduki ya gurudumu. Bunduki za kabla yake zilikuwa za mrao, yaani utambi wa kamba uliofuka moto muda wote na kushushwa juu ya baruti mtu alipotaka kufyatua. Mvua iliuzima, na gizani ulimfichua aliyeushika. Mafundi waliuondoa utambi wakaweka gurudumu la chuma lenye mikwaruzo, wakaliunganisha na kamani kwa mnyororo mfupi sana. Mwenye silaha alilikaza gurudumu hilo kwa ufunguo. Alipovuta kifyatulio, lilizunguka kwa kasi likisuguana na jiwe la madini, cheche zikaruka, baruti ikawaka. Kwa mara ya kwanza mtu aliweza kuficha chini ya joho lake silaha iliyo tayari kufyatuka. Kaisari Maximilian I aliona hatari hiyo mapema, akazipiga marufuku silaha za gurudumu mnamo 1517 na 1518.

Bunduki ya gurudumu ilikuwa ghali na yenye vipande vingi, hivyo ikabaki mali ya wakuu na wapanda farasi wao. Askari wa kawaida waliendelea na mrao, na huko Oman bunduki ndefu za mrao zinazoitwa Abu Fatila zilidumu mikononi mwa watu hadi karne ya 20. Kilichoshinda hatimaye ni gumegume, mtambo uliokamilika nchini Ufaransa mwanzoni mwa karne ya 17: nyundo inashika jiwe gumu, kamani inairusha, jiwe linagonga bamba la chuma na kutoa cheche. London nayo ilikuwa imejaa mafundi wa namna hii. Mfalme Charles I aliwapa mafundi saa hati ya chama chao mwaka 1631, na mafundi bunduki wakapata yao mwaka 1637. Wote walitaka kujitenga na chama kikongwe cha wahunzi, kwa kuwa kazi yao ilikuwa imeshakuwa fani ya kujitegemea.

Hatua iliyofuata ilitoka mahali pasipotarajiwa. Alexander Forsyth, kasisi wa kijiji cha Belhelvie huko Scotland, alikuwa mwindaji wa ndege. Alichoshwa na kuona ndege wakishtushwa na mwako wa gumegume na kuruka kabla risasi haijatoka. Akatafuta kemikali inayolipuka kwa kugongwa tu, na mwaka 1807 akapata hataza ya mtambo wake. Ndani ya miaka michache kemikali hiyo ilitiwa ndani ya vikofia vidogo vya shaba, na bunduki za fataki zikazaliwa. Hapo maelfu ya bunduki za gumegume zilibadilishwa ziwe za fataki. Mkusanyaji wa leo anapaswa kuikumbuka hatua hiyo, kwa sababu baadhi ya bunduki hizo zilikuja kurudishwa kwenye gumegume miaka mingi baadaye ili zionekane za asili na kuuzwa ghali.

Pwani na bara la Afrika Mashariki zinazijua silaha hizi kwa njia nyingine. Majeshi ya Ulaya yalipohamia bunduki zinazojazwa nyuma, katika nusu ya pili ya karne ya 19, magobori yao yaliyopitwa na wakati yaliuzwa nje kwa wingi, na Zanzibar ikawa mlango mkubwa wa kuyaingiza bara. Misafara ya pembe za ndovu, watu wa mfanyabiashara Tippu Tip na rugaruga, yaani askari, wa mtemi Mirambo walitembea nayo. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulizuia uingizaji wa silaha za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika, kuanzia nyuzi 20 kaskazini ya ikweta hadi nyuzi 22 kusini, lakini ukaacha nafasi kwa bunduki za gumegume na baruti ya kawaida. Kwa maneno mengine, watawala walijiwekea silaha mpya na kumwachia Mwafrika zile walizokwisha kuzitupa. Wapiganaji wa Maji Maji, kati ya 1905 na 1907, walikabili bombomu za Wajerumani wakiwa na mikuki, mishale na magobori. Kwa hiyo gobori linalotundikwa ukutani Ulaya kama pambo lina historia nzito kwa msomaji wa Songea au Kilwa, na mkusanyaji anayeijua historia hiyo hulitazama kwa heshima zaidi.

Katika karne hiyohiyo ya 19 bunduki iliifundisha saa somo kubwa. Hadi mwishoni mwa karne ya 18, kila bunduki ilikuwa ya peke yake: fundi alisugua kila kipande kwa tupa mpaka kikakaa mahali pake, na kipande cha bunduki moja hakikuingia kwenye nyingine. Mfaransa Honoré Blanc alianza kutengeneza mitambo ya bunduki yenye vipande vinavyolingana. Mwaka 1785 Thomas Jefferson, aliyekuwa balozi wa Marekani mjini Paris, aliitembelea karakana yake, akaokota vipande bila kuchagua na kuunga mitambo kamili kwa mikono yake mwenyewe. Wazo hilo lilivuka bahari. Katika viwanda vya serikali ya Marekani vya Harpers Ferry na Springfield, mashine za kukata chuma na vipimo vya kukagulia kila kipande viliendelezwa kwa miongo kadhaa, kwa fedha za umma, mpaka bunduki zikaweza kuungwa kutoka kwenye marundo ya vipande.

Aaron Dennison, fundi saa wa Massachusetts, aliona kazi ya Springfield akajiuliza kwa nini saa zisitengenezwe hivyohivyo. Mwaka 1850 yeye na wenzake walianzisha kiwanda ambacho mwaka 1854 kilihamia mji wa Waltham. Kiwanda kilifilisika mwaka 1857, kikanunuliwa, kikasimama tena, na katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani askari wengi walibeba saa zake mfukoni. Mwaka 1876, kwenye maonyesho makubwa ya Philadelphia, Waltham ilionyesha mashine na saa zake hadharani. Waswisi waliofika pale walishtuka. Jacques David, mhandisi wa Longines, alirudi nyumbani na ripoti ndefu akiwaonya wenzake kwamba wasipobadilika wataangamia. Walibadilika kweli, na sifa ya saa za Uswisi katika karne ya 20 inadaiwa kwa sehemu na hofu ile. Mnyororo huu, kutoka kiwanda cha bunduki hadi saa ya mkono, ndio unaowafanya wapenzi wa vitu hivi viwili waelewane haraka.

Saa yenyewe hufanya kazi hivi. Mtu anapotia ufunguo, hukunja kamani iliyomo ndani ya kopo dogo. Kamani ikitaka kunyooka husukuma msururu wa magurudumu yenye meno. Magurudumu hayo yangezunguka yote mara moja na kuimaliza nguvu, kama si kizuizi chenye umbo la nanga ambacho hushika jino, huliachia, hushika lingine. Anayekiamuru kizuizi hicho ni gurudumu la mizani, linalokwenda na kurudi kwa msaada wa springi laini iliyozungushwa mithili ya nyoka aliyejikunja; Christiaan Huygens aliileta springi hiyo kwenye saa mwaka 1675. Saa nyingi za zamani hupiga mara 18,000 kwa saa moja, yaani mara tano kila sekunde. Nyingi za sasa hupiga mara 28,800, ambayo ni mapigo 691,200 kwa siku. Egemeo za magurudumu hukaa ndani ya mawe ya yakuti yaliyotengenezwa kiwandani ili zisilike. Saa ya namna hii ikikosea sekunde 10 kwa siku imekosea sehemu moja tu kati ya 8,640, na hiyo ni kazi ya vipande vya chuma visivyo na umeme wowote. Ni vigumu kuitazama bila kustaajabu.

Hata hivyo, kwa usahihi mtupu ilishindwa. Tarehe 25 Desemba 1969 Seiko ya Japani ilitoa Astron, saa ya kwanza ya mkono ya kwatzi kuuzwa madukani. Ndani yake fuwele ndogo hutetemeka kwa umeme wa betri, na saa za kwatzi za kawaida hukosea sekunde chache tu kwa mwezi. Bei ya saa hizo ilianza juu sana kisha ikaporomoka. Uswisi iliyokuwa na wafanyakazi wapatao 90,000 katika viwanda vya saa mwaka 1970 ilibaki na zaidi kidogo ya 30,000 katikati ya miaka ya 1980. Mashine za kale ziliuzwa kwa bei ya vyuma chakavu, na mafundi waliokuwa wamejifunza tangu ujana walirudi nyumbani. Wengi waliamini saa ya kamani imekufa.

Ilifufuka kwa sababu ambayo wahandisi hawakuitarajia: watu hawakuihitaji tena kwa kujua saa, wakaanza kuitaka kwa ajili yake yenyewe. Baadaye simu ya mkononi iliiondoa hata saa ya kwatzi kwenye ulazima, na ya kamani ikazidi kupata wapenzi. Tangu miaka ya 2000 viwanda vimefungua kabati zao na kurudia maumbo ya zamani. Longines ilirudisha saa yake ya wapiga mbizi mwaka 2007. Tudor ikatoa Black Bay mwaka 2012, yenye sura iliyokusanywa kutoka saa zake za miongo ya katikati ya karne. Omega ikaanza tena kutengeneza mtambo wake uitwao 321, uliokuwa ndani ya Speedmaster za mwanzo zilizokubaliwa na NASA mwaka 1965. Umbo ni la kale, lakini kioo ni cha yakuti bandia kisichokwaruzika, maji hayaingii, na mafuta yaliyomo hayagandi upesi.

Kuna jambo moja katika saa hizi mpya zenye sura ya kale linalogawa wapenzi. Alama zinazong'aa gizani hupakwa rangi ya maziwa au ya mchanga ili zifanane na rangi iliyogeuka kwa uzee. Wengine huona ni heshima kwa watangulizi, wengine huona ni uzee wa kuigiza. Hoja ya pili ina nguvu: rangi ya uzee hupendeza kwa sababu imepatikana kwa miaka, na saa iliyonunuliwa leo ingepata yake kwa zamu yake. Lakini mwigo wenyewe una faida, kwani wengi wa wanaotamani sura ya 1955 hawana uwezo wa kununua saa ya 1955 wala fundi wa kuitunza. Upande wa silaha mambo ni hayohayo. Katika bonde la Val Trompia, Italia, ambako ukoo wa Beretta umefua mitutu tangu mwaka 1526, kampuni ya Uberti imekuwa ikitengeneza tangu 1959 nakala za rivolva za karne ya 19, na nyingi kati yake huenda Marekani kwa wanaotaka kushika historia bila kuhatarisha kitu cha makumbusho.

Bastola za agizo ni tawi tofauti. Kiini chake, hasa Marekani, ni bastola moja: Model 1911 ya John Moses Browning, mwana wa fundi bunduki wa Ogden, Utah. Katika majaribio ya jeshi mwezi Machi 1911 ilifyatua risasi 6,000 bila kukwama, na jeshi likaitumia kama bastola yake kuu hadi 1985. Bastola ya jeshi iliachiwa nafasi kati ya vipande ili ifanye kazi hata ikijaa matope. Fundi wa agizo hufanya kinyume: huchukua fremu na sehemu ya juu inayoteleza, akazisuguanisha kidogokidogo hadi ziteleze bila mtikisiko, hukaza mdomo wa mtutu, hulainisha kifyatulio ili kivutike kwa uzito uleule kila mara, huchonga mikato midogo ya mraba kwenye mshikio kwa mkono, mstari baada ya mstari. Kazi hii ilikua kwa mashindano ya shabaha, na zaidi baada ya 1976, shirikisho la kimataifa la IPSC lilipoundwa Columbia, Missouri. Kwa hiyo bastola ambayo chimbuko lake ni vipande vinavyolingana hurudi kwenye tupa, na mteja husubiri miezi au miaka ili apate chombo ambacho vipande vyake havitaingia kwenye kingine. Jasho lote la Springfield lilikuwa la kuondoka hapo. Anayeona ajabu katika hilo na aitazame tena saa ghali ya Uswisi, ambayo madaraja yanayoshikilia magurudumu yake hung'arishwa kwa mkono mahali ambapo mwenye saa hatapaona isipokuwa akifungua mgongo.

Katika ukusanyaji, kanuni iliyo juu ya zote ni uhalisi. Anayeanza hudhani kusafisha ni kuongeza thamani. Hung'arisha mtutu mpaka rangi yake ya samawati iliyokoza inatoka, au hupeleka saa ipigwe msasa na kuchorwa uso mpya. Kwa kufanya hivyo huondoa kile ambacho wanunuzi hulipia: kingo kali za kiwandani, mihuri ya wakaguzi, maandishi ya awali. Rivolva za Colt Walker za 1847 zilitengenezwa takriban 1,100 tu, nyingi zikachakaa vitani; mwaka 2018 moja iliyobaki katika hali nzuri iliuzwa mnadani Marekani kwa dola milioni 1.84. Historia ya mwenye kitu nayo ina bei yake. Saa ya Rolex Daytona aliyoivaa mwigizaji Paul Newman ilifika dola milioni 17.75 mjini New York mwaka 2017, na bastola ambayo sherifu Pat Garrett alimuulia mhalifu Billy the Kid ikapita dola milioni 6 mwaka 2021. Kwa Waswahili wa Muscat mfano wa karibu ni saa za Rolex zenye nembo ya jambia kwenye uso, zilizoagizwa na Sultan Qaboos wa Oman kama zawadi na kupitia duka la Asprey la London. Leo hutafutwa kwa bidii duniani kote. Kenya nayo imo: bunduki ya mitutu miwili ya Holland & Holland aliyopewa Theodore Roosevelt na marafiki wa Uingereza, akawinda nayo mwaka 1909, ni miongoni mwa silaha za safari zinazojulikana zaidi.

Uzee huwa na hatari zake. Baruti nyeusi haifi kwa kukaa, na magobori yaliyorithiwa yamewahi kukutwa yakiwa bado na shehena ndani ya mtutu. Kwa hiyo silaha yoyote ya kale huchukuliwa kuwa imejazwa mpaka mjuzi aikague. Mitutu iliyosokotwa kwa nyuzi za chuma, yenye madoa mazuri kama ya maji, haikukusudiwa kubeba nguvu ya baruti za kisasa. Saa nazo, hasa za kabla ya miaka ya 1960, nyingi zilipakwa radiamu ili zing'ae. Mng'ao hupotea kwa sababu kemikali inayopokea mionzi imechoka, lakini radiamu yenyewe hupungua nusu baada ya miaka 1,600 hivi. Kuivaa saa hiyo na kuifungua kisha kuparuza uso wake ni mambo mawili tofauti kabisa. La pili huachiwa fundi mwenye vifaa.

Sheria hazifanani. Marekani huihesabu silaha kuwa ya kale iwapo ilitengenezwa mwaka 1898 au kabla yake. Uingereza, kwa kanuni za 2021, hutazama iwapo ilitengenezwa kabla ya Septemba 1939 na iwapo risasi zake zimo kwenye orodha ya zilizoachwa kutumika. Nchini Kenya na Tanzania kumiliki silaha ni kwa kibali, na anayerithi gobori la babu hana budi kulipeleka kwa mamlaka badala ya kulificha darini.

Saa haina masharti hayo, na ndiyo maana ni mlango rahisi zaidi. Seiko 5, iliyoanza mwaka 1963, hujitia ufunguo kwa mwendo wa mkono, na imekuwa ikionekana kwa miaka mingi kwenye meza za mafundi saa wa Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi. Anayenunua ya zamani huangalia kama uso ni wa awali, kama mtambo ni ule uliotoka nao kiwandani, na kama gurudumu la mizani linaanza kucheza lenyewe saa inapotikiswa kidogo. Kila baada ya miaka mitano hadi saba huhitaji kufunguliwa, kuoshwa na kutiwa mafuta mapya, tone dogo mno kwa kila egemeo.